Kipimo cha kidole hasi, zalio limejaa malaria: kinga ya kondo la nyuma inafanya kazi vipi?

MkungaMalindi

Asalaam aleikum wataalamu. Tunaandaa mafunzo ya siku moja ya wakunga na wahudumu wa afya wa kijamii wa Malindi na Magarini kuhusu vimelea na ujauzito. Panapotukwaza ni zalio lenyewe, yaani kondo la nyuma. Vijitabu vingi vinasema kondo la nyuma humkinga mtoto, kisha ukurasa wa pili vinasema malaria hujificha kwenye kondo la nyuma. Mkunga akiuliza yote mawili yanawezekanaje, hapati jibu.

Mfano tunaotaka kuuweka mbele ya darasa ni huu. Mama wa mimba ya kwanza, hana homa, kipimo cha haraka cha kidole ni hasi wiki ya 34. Anajifungua kwa wakati wake, mtoto ana gramu 2,100. Damu ya zalio ikitiwa kwenye hadubini ina vimelea tele pamoja na ile rangi ya kahawia ya malaria. Damu ya kitovu ni safi.

Basi: kipimo kilikosaje? Mtoto aliponaje? Na ikiwa alipona, mbona ni mdogo hivyo? Halafu kwa nini mimba ya kwanza ndiyo huumia zaidi? Wenzetu wa Lamu nao wanataka tuguse suala la paka na kimelea chao kiitwacho toksoplasma, kwa sababu akina mama wa mjini Amu huuliza kila kliniki.

Labu_Kilifi

Wa aleikum salaam. Nianze na mtoto, maana hapo ndipo mengine yanapofunguka.

Kwenye zalio, damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Mishipa ya mtoto imo ndani ya vijitawi viitwavyo vili, na vili vimezama kwenye dimbwi la damu ya mama. Kinachotenganisha damu hizo mbili ni hasa tabaka la nje la vili, sinsitiotrofoblasti. Hizo si seli zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Ni seli zilizoungana zikawa kitu kimoja chenye viini visivyohesabika, kama kanzu isiyo na mshono hata mmoja. Mimba ikikomaa, eneo lake linapita mita 10 za mraba. Vimelea na bakteria wengi hupenya mwilini kwa kujibana kati ya seli na seli, na hapa hakuna hiyo kati. Kwa juu pameota vinyweleo vidogo mno vilivyosongamana, na chini yake pana nyuzi za aktini zilizokazana, kwa hivyo hata kunata ni shida. Ndani zaidi kuna sitotrofoblasti, seli za chini ambazo hazijaungana, kisha utando, kisha katikati ya vili wako walinzi wa mtoto mwenyewe, seli za Hofbauer, ambazo kazi yao ni kumeza kinachopenya.

Sasa malaria. Plasmodium falciparum iliyo ndani ya damu huingia kwenye chembe nyekundu tu. Haina haja na seli za ukuta wa zalio wala haina chombo cha kuzifungulia. Damu ya kitovu ni safi kwa sababu ukuta haukuvunjwa. Malaria ya kuzaliwa nayo ipo, lakini mara nyingi ni damu ya mama iliyovuja kwa mtoto mahali palipochanika, hasa wakati wa uchungu.

Tatizo liko upande wa mama. Chembe nyekundu yenye kimelea kinachokua hujiwekea protini za kunata juu ya ngozi yake, ili ijishikilie mahali isipelekwe kwenye wengu ikachujwa. Kwa mtu asiye na mimba hunata kwenye mishipa midogo ya viungo. Zalio likishajengeka, panapatikana pa kunata papya: kondroitini salfeti A, sukari iliyotanda juu ya sinsitiotrofoblasti na kwenye dimbwi lile la damu. Michal Fried na Patrick Duffy walilionyesha hili mwaka 1996, na mwaka 2003 protini ya kimelea inayonata hapo ikatambuliwa: VAR2CSA.

Kutoka hapo majibu mawili yanakuja yenyewe. La kwanza ni mimba ya kwanza. Mwanamke aliyekulia Magarini anaweza kuwa na kingamwili nyingi za malaria alizozipata tangu utotoni, lakini za VAR2CSA karibu hana, kwa sababu vimelea wenye protini hiyo hawakuwa na pa kukaa mwilini mwake. Mimba ya kwanza inawakaribisha. Kingamwili huanza kutengenezwa, mara nyingi zikichelewa, na mimba ya pili na ya tatu zinazikuta tayari. Ndiyo maana madhara hupungua kadiri mwanamke anavyozaa katika maeneo yenye malaria nyingi. Virusi vya Ukimwi huuharibu mpangilio huu, mama wa mimba ya nne akawa hatarini karibu sawa na wa kwanza. Na malaria inapopungua katika eneo, kinga hii nayo hupungua kwa wote. Hilo lisemwe wazi kwenye mafunzo yenu, kwa sababu wakunga wakongwe wamezoea kumwangalia mzaliwa wa kwanza pekee.

Jibu la pili ni kipimo. Kimelea kinachukua saa 48 kukamilisha mzunguko mmoja ndani ya chembe. Karibu nusu ya kwanza, kikiwa bado pete changa, chembe huzunguka na damu; baada ya hapo hunata na kubaki kwenye zalio. Sindano ya kidole inachota damu inayozunguka. Kipimo cha haraka hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, ambayo humwagika kwenye damu hata kama vimelea wenyewe wamejificha, kwa hivyo mara nyingi hugundua kile ambacho hadubini imekosa. Lakini kiasi kikiwa kidogo, nacho husema hasi. Upande wa pili, HRP2 hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mama aliyetibiwa wiki mbili zilizopita akipimwa akaonekana chanya, msimpe dawa upya kwa kipimo hicho peke yake; tazameni slaidi.

Kuhusu uzito wa mtoto: kinachomdhoofisha zaidi ni kinga ya mama ikipigana mahali pasipofaa. Chembe zilizonata zikipasuka, zinamwaga hemozoini, yaani ile rangi ya kahawia. Monositi za mama, aina ya chembe nyeupe za kinga, humiminika kwenye dimbwi, zinaimeza, na kutoa kemikali za mchochota, TNF ikiwa mojawapo. Mfumo wa komplementi, yaani protini za kinga zilizomo kwenye damu, nao huwaka, na sehemu yake iitwayo C5a huvuruga uotaji wa mishipa mipya ya zalio. Ukuta wenyewe haukutobolewa, lakini kazi yake inapungua: visafirishi vya glukosi na vya asidi amino vinapungua, na mtoto anapata chakula kidogo wiki baada ya wiki. Vimelea wakitibiwa wiki ya 36, mchochota na hemozoini haviondoki siku hiyo. Muda uliopotea kati ya wiki ya 14 na 30 haurudi.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye mzani. Ukuta huohuo ndio unaompitishia mtoto kingamwili aina ya IgG kwa kipokezi maalumu, kiitwacho FcRn. Kazi hiyo huanza kidogo karibu na wiki ya 13 na kushamiri miezi mitatu ya mwisho. Utafiti uliofanyika Gambia ulionyesha kwamba malaria ya zalio hupunguza kingamwili za surua zinazomfikia mtoto. IgM, aina nyingine ya kingamwili, haivuki kabisa, kwa hivyo ukiikuta kwa mtoto mchanga, imetoka kwake mwenyewe.

Sista_Mokowe

Maelezo hayo yatafaa sana. Mimi niongeze upande wa kliniki, kwa sababu ukiyaelewa aliyoyaandika Labu, unaelewa kwa nini dawa ya SP (salfadoksini-pirimethamini) hutolewa kama kinga kwa mjamzito asiye mgonjwa.

Damu ya mama huanza kutiririka kikamilifu kwenye dimbwi la zalio kati ya wiki ya 10 na 12. Kabla ya hapo chembe zenye vimelea hazina nafasi kubwa ya kujazana. SP inaanza wiki ya 13. Kwa hiyo mama anayekuja kliniki mara ya kwanza miezi sita amekwishapoteza dozi mbili au tatu, tena zile zinazolinda wakati zalio linajengwa.

Dozi ni vidonge 3 kwa pamoja, kila kimoja kikiwa na salfadoksini miligramu 500 na pirimethamini miligramu 25. Anameza mbele yako, akiwa amekula au hajala. Dozi inayofuata ni baada ya wiki nne au zaidi, na hurudiwa mpaka kujifungua. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dozi tatu, na hakuna ubaya kumpa hata akiwa karibu kujifungua. Hesabuni siku 28, si "mwezi ujao". Andika tarehe ya dozi kwenye kijitabu cha mama na mtoto papo hapo, kabla hajaondoka mezani.

Yanayoharibika mara kwa mara ni haya. Kwanza, vidonge vinapewa mama aende navyo nyumbani kwa sababu hakuna maji ya kunywa wala kikombe kliniki. Wengine hawavimezi, wengine humgawia mgonjwa wa homa nyumbani kimoja kimoja. Ndoo ya maji safi na vikombe vinaokoa dozi nyingi kuliko bango lolote ukutani.

Pili, asidi ya foliki. Kile kidonge cha pamoja cha kliniki, chuma miligramu 60 na foliki miligramu 0.4, hakina shida. Shida ni vidonge vya foliki vya miligramu 5 vinavyonunuliwa dukani. Pirimethamini na salfa zote huua kimelea kwa kumkatia njia ya kutengeneza foliki; ukimmwagia mama foliki nyingi, unamsaidia kimelea kuiponyoka dawa. Mwambie mama akuonyeshe vidonge vyote anavyotumia. Akiwa na vya miligramu 5 kwa mazoea tu, mbadilishie. Akiwa navyo kwa sababu ya siko seli au kwa amri ya daktari, usimkatize, mpeleke kwa daktari aliyemwandikia.

Tatu, mama anayemeza kotrimoksazoli kila siku kwa sababu ya HIV asipewe SP. Zote mbili zina salfa, na mchanganyiko huo huongeza hatari ya ngozi kubabuka vibaya. Anayejulikana kudhurika na salfa pia asipewe.

Nne, mama ana homa, nesi anampa SP na kumrudisha nyumbani. Hapana. Mwenye homa anapimwa. Akiwa na malaria anatibiwa malaria: artemetha-lumefantrini, vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, jumla 24, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, na anywe na maziwa au chakula chenye mafuta, la sivyo dawa haifyonzwi vizuri. Shirika la Afya Duniani liliiruhusu hata kwa miezi mitatu ya kwanza mwaka 2022. Mwenye dalili kali, kama kuchanganyikiwa, degedege, kushindwa kunywa au mkojo mweusi, ni atesuneti ya sindano bila kungoja, mimba iwe ya umri wowote. Siku hiyo SP haitolewi. Inaendelea baada ya mwezi.

Kwa wenzetu wa Faza, Kizingitini na Ndau, kusi likichafua bahari miadi inakosekana. Kwa hivyo mama akifika kituoni kwa jambo lolote, hata amemleta mtoto mwingine chanjo, tazama kijitabu. Siku 28 zimepita? Mpe. Neti apewe hudhurio la kwanza, na aulizwe kama inafungwa juu ya kitanda anacholalia yeye, si kile cha wageni.

Mfamasia_Watamu

Sista, naheshimu kazi yenu, lakini hapo kwenye SP nina wasiwasi. Usugu wa vimelea dhidi ya SP Afrika Mashariki umeenea, hili linajulikana. Kwa wagonjwa wa kawaida tuliacha kuitumia kama tiba zamani. Kwa nini tuendelee kuwapa wajawazito dawa ambayo kimelea kimeizoea, badala ya kuwapa dihidroatemisinini-piperakwini kila mwezi?

Labu_Kilifi

Swali zuri, na limepimwa kwa vitendo. Jaribio kubwa lilifanyika Kenya, Malawi na Tanzania, sehemu zenye usugu mkubwa, likilinganisha dawa hizo mbili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Dihidroatemisinini-piperakwini ilizuia malaria vizuri zaidi. Lakini watoto hawakuzaliwa na hali bora zaidi. Matokeo mabaya ya ujauzito hayakupungua katika kundi hilo, na upande wa SP ndio uliokuwa na nafuu kwenye uzito wa mama na wa mtoto. Inaelekea SP inasaidia pia kwa njia isiyo ya malaria, labda kwa sababu salfa hupambana na bakteria. Kwa hiyo usugu ni kweli, na bado SP ina faida. Kinachofupishwa na usugu ni muda wa ulinzi baada ya kila dozi, jambo ambalo linazidisha umuhimu wa kutochelewesha dozi inayofuata na wa kulala ndani ya neti.

Kuhusu chanjo, kwa kuwa lazima mtaulizwa: zipo mbili zilizojengwa juu ya VAR2CSA, PAMVAC na PRIMVAC, na zimefika majaribio ya awali kwa binadamu. Ugumu ni kwamba VAR2CSA ni kubwa na hubadilika sura kutoka kimelea hadi kimelea.

MkungaMalindi

Shukran sana, jaribio hilo tutaliweka kwenye slaidi za mafunzo. Naomba mambo mawili zaidi. Mtu wa Amu atueleze paka. Na Labu, tuandikie namna ya kuchukua sampuli ya zalio, kwa sababu zinazoletwa nyingi hazisomeki.

Mifugo_Amu

Mimi nimo upande wa mifugo, kwa hivyo nitasema na paka na nyama.

Toksoplasma ni kinyume cha malaria. Yenyewe huweza kuingia karibu kila aina ya seli ya mnyama mwenye damu moto, na ikimpata mjamzito mara ya kwanza, huenda mpaka kwenye zalio kwa nia ya kuvuka. Majaribio ya maabara yameonyesha sinsitiotrofoblasti huikatalia mara mbili: kwanza vimelea wachache ndio hufaulu kunata, na wanaoingia hawakui vizuri ndani yake. Tabaka hilo pia hutoa kemikali iitwayo CCL22, ambayo huita seli fulani za kinga. Mlango dhaifu uko kwingine, pale vijitawi vinapojitia nanga kwenye ukuta wa mji wa mimba. Hapo tabaka lile halipo. Kuna seli moja moja, trofoblasti za nje ya vili, zilizochimba ndani ya nyama ya mama, na hizo hushambuliwa kwa urahisi zaidi. Popote tabaka linapochanika, sitotrofoblasti za chini nazo hazina ukaidi uleule.

Umri wa mimba hubadilisha kila kitu. Uchambuzi wa akina mama wa Lyon, Ufaransa, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta mama akiambukizwa wiki ya 13, uwezekano wa kimelea kumfikia mtoto ni asilimia 6. Wiki ya 26 ni 40. Wiki ya 36 ni 72. Zalio linakua, mishipa inasogea karibu na damu ya mama, ukuta unakuwa mwembamba. Ila madhara yanakwenda kinyume: aliyefikiwa mapema huumia macho na ubongo zaidi kuliko aliyefikiwa mwishoni.

Sasa paka. Jamani, paka wa Amu wasifukuzwe wala wasiuliwe. Paka hutoa mayai ya toksoplasma kwenye kinyesi hasa anapoambukizwa mara ya kwanza, kwa wiki moja hadi tatu, kisha kwa kawaida huacha. Mayai hayo yakitoka hayaambukizi siku hiyo. Yanahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Kwa hivyo kinyesi cha uani kizolewe kila siku, na azoe mtu mwingine. Kama hakuna mwingine, mama avae glavu na anawe kwa sabuni. Kumpapasa paka si njia kubwa ya maambukizi. Udongo na mchanga ndiyo njia: mayai hukaa zaidi ya mwaka kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, na mji wetu una vyote viwili. Paka huipata toksoplasma kwa kula panya na ndege, au kwa kurushiwa nyama mbichi na matumbo ya mbuzi machinjioni. Hilo la machinjioni linaweza kukomeshwa.

Maji ya kisima kilicho wazi au ya birika la mvua yachemshwe. Dawa ya klorini ya kutibu maji haiyaui mayai haya, jambo ambalo watu wengi wa afya hawalijui. Mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji yaliyochemshwa, nyingi, zikisuguliwa.

Na nyama. Mbuzi na kondoo hubeba vifuko vya toksoplasma ndani ya misuli. Mishkaki iliyoungua nje na kubaki nyekundu ndani ni hatari kwa mjamzito kuliko paka aliyelala barazani. Katikati ya kipande ifike nyuzi 67 au zaidi. Kwa asiye na kipimajoto, vipande vikatwe vidogo na pasibaki wekundu wala maji ya damu. Kugandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri siku kadhaa husaidia, lakini friji ambayo umeme unakatika kila jioni haifiki hapo. Ubao na kisu cha nyama mbichi visiguse kachumbari kabla ya kuoshwa.

Sista_Mokowe

Niongeze kusoma majibu ya damu, kwa sababu akina mama huogopeshwa bure. IgG chanya na IgM hasi: aliambukizwa zamani, ana kinga, na kwa kawaida mtoto yuko salama, isipokuwa kwa mama ambaye kinga yake imeporomoka sana. Zote hasi: hajawahi kuambukizwa, huyu ndiye wa kufuata sana aliyoyaandika Mifugo. IgM chanya peke yake: rudia baada ya wiki mbili au tatu uone kama IgG inapanda. Zote chanya: msiseme "ni mpya" papo hapo, maana IgM inaweza kubaki miezi mingi, hata kupita mwaka. Hapo hutakiwa kipimo cha nguvu ya kushika cha IgG. Ikiwa nguvu ni kubwa na mimba haijapita wiki 16, maambukizi yalitangulia mimba.

Ikithibitika ni mapya, mama apelekwe kwa daktari bingwa wa uzazi. Mapema katika mimba hutumika spiramisini, gramu 1 kila saa 8, ambayo hujikusanya kwenye zalio lenyewe kuzuia kuvuka. Maji ya chupa ya uzazi hupimwa kwa PCR, kipimo cha vinasaba vya kimelea, baada ya wiki ya 18, na zipite wiki 4 tangu maambukizi. Mtoto akishafikiwa, dawa hubadilishwa kuwa pirimethamini na salfadiazini pamoja na asidi ya foliniki. Mtu asije akadhani kwamba dozi ya SP ya kila mwezi inatibu toksoplasma kwa kuwa majina yanafanana. Tiba hiyo ni ya kila siku, kwa wiki nyingi.

Labu_Kilifi

Sampuli ya zalio. Anza na ruhusa kabla ya uchungu kukolea. Familia nyingi za huku huchukua zalio kwenda kulizika, na wana haki hiyo. Waelezwe kwamba kinachokatwa ni kipande kidogo na lililobaki watapewa.

Fanya ndani ya saa moja tangu litoke. Joto la Malindi halisubiri: chembe zinapasuka na vimelea vinakuwa vumbi. Lilaze upande wa mama ukiangalia juu, ule mwekundu wenye mafungu. Chagua mahali pazima, katikati ya kitovu na ukingo. Usichukue ukingoni kabisa, wala penye bonge jeupe gumu. Futa damu ya juu kwa gozi, pasua kwa wembe safi, acha damu ijae ndani ya mkato, vuta kwa sindano uiweke kwenye chupa ya EDTA, yenye dawa ya kuzuia damu isigande, uipindue taratibu mara nane hadi kumi. Damu ya kitovu ichukuliwe kivyake, kwenye mshipa wa kitovu uliofutwa vizuri kwanza, ama utapata damu ya mama na kumtangaza mtoto mgonjwa.

Tengeneza slaidi nene na nyembamba. Nyembamba itiwe methanoli sekunde chache. Nene isiguswe na methanoli kabisa. Methanoli ya huku pwani huvuta unyevu wa hewa ikiachwa wazi, na ikishakuwa na maji huacha matundu yanayong'aa kwenye chembe, ambayo mgeni huyasoma kama vimelea. Mimina kidogo kwenye chupa ndogo, chupa kubwa ifungwe. Slaidi nene itiwe rangi ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu joto huikausha mpaka chembe zikakataa kupasuka. Rangi ya Giemsa asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, au asilimia 3 kwa dakika 45 ukiwa na muda, maji ya bafa (yanayozuia pH isibadilike) pH 7.2. Asilimia 3 hutoa picha safi zaidi. Slaidi zikikauka zifunikwe, nzi hula damu.

Kipande cha nyama: sentimita 2 kwa 2, unene 1, kitiwe kwenye fomalini iliyozidi ujazo wake mara kumi au zaidi, chupa ya mdomo mpana. Sampuli nyingi huharibika hapa, na sababu karibu kila mara ni fomalini isiyo na bafa. Ikikaa inakuwa na asidi, na asidi ikikutana na damu hutengeneza punje za kahawia zinazong'aa chini ya mwanga wa polaroidi sawa kabisa na hemozoini. Zalio lisilo na malaria linaandikwa "malaria ya zamani". Bafa si ghali: fomalini ya dukani mililita 100, maji yaliyotoneshwa mililita 900, sodiamu fosfeti yenye hidrojeni mbili gramu 4, na ile yenye hidrojeni moja gramu 6.5. Pima pH, iwe karibu na 7. Acha kipande humo saa 24 hadi 48.

Msomaji ataandika moja ya mambo manne: vimelea bila rangi ya malaria ndani ya faibrini (nyuzi za damu iliyoganda), maana yake maambukizi mapya; vimelea pamoja na rangi hiyo, maana yake maambukizi ya muda mrefu yanayoendelea; rangi bila vimelea, maana yake maambukizi yaliyopita; au hakuna chochote. Huyo mama wa mfano wenu yumo kundi la pili, na hilo ndilo linaloenda na uzito mdogo kuliko yote.

MkungaMalindi

Tumeyachukua yote. Na kichocho je? Magarini kipo.

Labu_Kilifi

Mayai ya kichocho yamewahi kuonekana kwenye mazalio, na uharibifu mkubwa kwa mama ni upungufu wa damu na vidonda vya njia ya uzazi. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja, inaruhusiwa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Shirika la Afya Duniani lilisisitiza hivyo mwaka 2022. Mama wa kilo 60 atameza vidonge 4 vya miligramu 600, akiwa ameshakula, ama atatapika. Msiwaruke wajawazito siku ya kugawa dawa kijijini. Waulizeni tu umri wa mimba.